Neno "run": usilikariri peke yake

Ukikutana na "run" kwenye Kiingereza, usiharakishe kulitafsiri "kimbia". Kamusi kubwa ya Oxford inakipa kitenzi hiki maana zaidi ya 600, na hakuna anayezikariri zote. Tazama majirani zake. "She runs a shop" ni anaendesha duka. "His nose is running", anatokwa na kamasi. Wamarekani husema "run for president" kwa kugombea urais, ila Uingereza anayewania ubunge husemwa zaidi kuwa "stands".

Panapohitaji umakini hasa ni kile kineno kidogo kinachofuata. "We ran out of sugar", sukari imetuishia. "I ran into Asha", nimekutana na Asha bila kutarajia. Badili "into" uweke "over", umeshasema umemgonga Asha kwa gari! Na anayekusoma hatajua kuwa ulikusudia habari njema.

Kwa hiyo kwenye daftari andika sentensi nzima, pembeni yake Kiswahili cha sentensi hiyo hiyo. Anza na "run out of", maana utaihitaji kila siku: muda, pesa, chaji, hata subira, vyote huisha kwa maneno hayo hayo.