Umeacha unga, sasa ni zamu ya fegi

Ukifika asubuhi kwenye kliniki ya methadone Dar (dawa ya kunywa wanayopewa wanaoacha unga, yani heroini), iwe Muhimbili ambako huduma ilianza mwaka 2011 au Mwananyamala au Temeke, utaona mtu anakunywa dawa yake mbele ya nesi, anatoka, na kabla hajafika barabarani fegi iko mdomoni. Hakuna anayemsema. Watu wanaona ah, huyu si kaacha unga jamani, muacheni na sigara yake. Mimi sikubaliani kabisa na hilo, na ninayoandika hapa ni kwa ajili yako wewe uliye kwenye methadone, au uliyetoka soba (nyumba za kuachia madawa), na ndugu yako anayekaa na wewe nyumbani.

Utaambiwa usiache vitu viwili kwa mpigo utarudi kwenye unga. Hapana. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walijumlisha majaribio 19 yaliyofanywa kwa watu walio kwenye matibabu ya uraibu, wakakuta waliosaidiwa kuacha sigara humo humo ndani ya matibabu walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 25, ya kukaa mbali na pombe na madawa kwa muda mrefu. Na ukifikiria fegi inanunuliwa wapi utaelewa kwanini, inanunuliwa moja moja, kijiweni, kwa washkaji wale wale, unaomba kiberiti, unakaa dakika 5, pembeni mtu anasokota kokteli yake, na wewe ulikuwa unavuta hivyo hivyo, unga umechanganywa na bangi au tumbaku, yani mkono na mdomo vinakumbuka kila kitu. Tena yule Bill Wilson aliyeshiriki kuanzisha AA, kile chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, ambaye hatua zake 12 zinasomwa mpaka soba za Zanzibar, aliacha pombe 1934 na hakurudi, lakini sigara ikamharibu mapafu na akafa nayo 1971. Inaniuma sana kuona kijana aliyeshinda unga anaelekea huko huko.

Sasa unaanzaje. Kama bado uko kwenye arosto ya unga, yani yale mateso ya mwili ukiukosa, au dozi ya methadone bado inapandishwa, tulia kwanza mpaka dozi ikae sawa, ila usiseme tu "nitaacha baadae", kaa na mshauri wako mpange tarehe ndani ya wiki chache zijazo. Kabla ya tarehe hiyo andika kila fegi unayovuta, saa ngapi, uko na nani, umetoka kufanya nini. Wengi watakuta fegi ngumu kuliko zote ni ile ya baada ya dozi, na hiyo sio uzembe, methadone yenyewe inapandisha hamu ya sigara masaa ya mwanzo baada ya kunywa. Kwahiyo masaa hayo yapange, ukishakunywa dawa usisimame getini kupiga stori, ondoka na mtu asiyevuta, nenda moja kwa moja kwenye kazi au nyumbani ukale. Kiberiti, karatasi za kusokotea, na kile kipande cha foili ulichosahau kwenye begi la zamani, vyote vitupwe siku moja kabla, na atupe mtu mwingine sio wewe.

Hapa ndio naomba usome taratibu. Siku 2 au 3 za kwanza bila sigara ndio kali zaidi, na mwili wako unaijua arosto ya unga kwahiyo utashtuka, utasema dozi haitoshi, au utasema bora nikapate kakete kadogo ka unga nitulie. Jifunze kuzitofautisha. Arosto ya sigara inakupa hasira za hovyo, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, akili haitulii kwenye kitu kimoja, na ile hamu inakuja kwa mawimbi ya dakika 3 mpaka 5 alafu inashuka yenyewe hata usipofanya chochote. Arosto ya unga ni makamasi, machozi, miayo haiishi, vipele vya baridi, tumbo kukata na kuhara, mifupa kuuma. Ukiona hizi za pili basi tatizo sio fegi, nenda kliniki waambie. Hasa kama umeanzishiwa dawa za TB zenye rifampicin, au ARV kama efavirenz, maana hizo zinapunguza nguvu ya methadone mwilini na daktari inabidi akupandishie dozi. Kuna watu wamerudi kijiweni kwasababu tu hakuna aliyewaeleza hili, wakadhani mwili wao umewasaliti.

Dawa za kusaidia zipo, shida ni kuzipata na bei yake, ulizia famasi kubwa za mjini. Kuna plasta ya nikotini unabandika mwilini kila siku, na kuna bablish ya nikotini. Bablish haitafunwi kama bigijii! Tafuna taratibu mpaka usikie ukali kama pilipili, isogeze kati ya shavu na fizi, itulie, ukali ukiisha tafuna tena, nusu saa hivi, na usinywe kahawa wala soda robo saa kabla. Kama fegi yako ya kwanza huwa ndani ya nusu saa toka uamke chukua ya miligramu 4, kama sio hivyo 2 inatosha. Kuna pia kidonge kinaitwa bupropion ambacho ni cha kuandikiwa na daktari, na kwenye hicho sema ukweli wote, kama uliwahi kupata degedege au kifafa, au ndio unaacha pombe au vidonge vya kutuliza kama Valium saa hizi, hakikufai, kinaweza kukuletea degedege.

Daktari ajue pia siku unayoacha. Moshi wa sigara unafanya ini lisafishe haraka baadhi ya dawa, mfano olanzapine na clozapine wanazopewa wenye matatizo ya akili, kwahiyo ukiacha dozi ile ile inakuwa kubwa ghafla na unasinzia kupita kiasi. Kahawa nayo iko hivyo hivyo, ukiacha fegi punguza vikombe iwe nusu, la sivyo moyo utakuwa unakwenda mbio na usiku hulali alafu unasingizia sigara.

Usibadilishe moshi kwa moshi, wala kwa tumbaku ya mdomoni. Shisha, bangi, kuberi, ugoro, hapana. Kwa anayefunga, Ramadhani ni nafasi nzuri mno, masaa kama 13 ya mchana umeshakaa bila fegi, kilichobaki ni usiku, na hatari kubwa ni pale baada ya futari, kwahiyo ukishafuturu nyanyuka uende msikitini au ukakae na familia, usitoke kukaa barazani na wavutaji.

Alafu hela. Hii watu hawaisemi kabisa lakini kwa mtu wetu ni hatari, ile hela ya fegi ikianza kubaki mfukoni siku ya 4, ya 5, inakuwa inafikia bei ya kete, na mawazo yanaanza kuja. Usikae nayo. Weka kibubu kikae kwa mama au dada, au kila jioni inunue kitu kinacholiwa nyumbani, waone wenyewe.

Ukiteleza ukavuta moja usijiambie kila kitu kimeharibika twende tu na unga. Hapana kaka, hapana dada, fegi moja ni fegi moja. Siku hiyo hiyo mwambie mtu mmoja, mshauri au mwenzako wa soba, andika ilitokea wapi na baada ya nini, alafu kesho yake njia hiyo usipite. Na ukiona unakohoa wiki 2 hakuishi, au unatoka jasho usiku na kukonda, usiseme ni kifua kinajisafisha kwasababu umeacha sigara, omba wakupime TB, kliniki ya methadone ukiwaambia watakuelekeza.