SOMO: Kukagua rekodi za sevisi za gari la kasi lenye kilomita chache

Swali lile lile linarudi hapa kila mara: "Subaru STI ya 2018, kilomita 31,000, haina rekodi za sevisi, nichukue?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena atapewa kiungo tu.

Jibu fupi: rekodi zina maana, na gari likiwa limetembea kidogo zina maana zaidi. Injini iliyofika 140,000 bila kufunguliwa imeshajieleza. Iliyotembea 31,000 kwa miaka saba imekuwa ikipaki, na hakuna ajuaye ilipaki na oili ya lini. Safari fupi huacha petroli na maji ndani ya oili, kwa sababu injini inazimwa kabla haijapata joto la kuyavukiza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likilala chini ya turubai.

1. Namba ya chasisi: linganisha ya kwenye bodi, logibuku na utafutaji wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya). Zikitofautiana hata herufi moja, nenda nyumbani.

2. Viti, usukani, kanyagio: angalia kama vimechakaa kuliko kilomita zinazodaiwa. Hili kila mtu analijua.

3. Gari la Japani. Omba cheti cha kusafirisha nje na karatasi ya mnada, nakala halisi, siyo picha ya simu iliyokatwa pembeni. Ukaguzi wa shaken (wa lazima huko Japani) hufanywa gari likifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na usomaji wa mita ya kilomita huandikwa (hukatwa hadi mamia, kwa hivyo 31,480 itasomeka 31,400). Halafu fungua mlango wa dereva na boneti utafute stika za oili na za belti. Mwaka ukiandikwa R, jumlisha 2018. Ukiandikwa H, jumlisha 1988. R3 ni 2021, H30 ni 2018. Tahadhari: stika nyingi zina mistari miwili. Ukiona 次回, hiyo ni tarehe na kilomita za sevisi ijayo. Kuna watu wanauziwa sevisi ambayo haikufanyika kwa sababu ya mstari huo.

4. Gari la Uingereza. Tafuta namba yake ya kule kwenye nakala ya V5C (cheti cha usajili cha Uingereza), kisha ingia kwenye tovuti ya serikali yao usome historia ya MOT (ukaguzi wao wa lazima wa kila mwaka). Ni bure. Huanza gari likiwa na miaka 3, na huonyesha mita na kasoro za kila mwaka. Kumbuka hizo ni MAILI. Maili 38,000 ni kilomita 61,000, na yadi nyingine husahau jambo hilo kwa makusudi.

5. Chukua karatasi, panga kila rekodi kwa tarehe: siku, mita, kazi iliyofanywa. Usiangalie kilomita kwanza, angalia pengo la miezi. Oili isipite mwaka mmoja, mafuta ya breki miaka 2. BMW M inatakiwa iwe na sevisi ya mwanzo ya kilomita 2,000, ambapo oili ya injini na ya difu hubadilishwa. Isipokuwepo, aliyeinunua mpya hakuwa mtu wa kusoma maagizo.

6. Injini baridi. Hapa ndipo watu huliwa, kwa hivyo soma polepole.

Mwambie muuzaji usiku uliotangulia kwamba gari lisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya injini kabla salamu hazijaisha. Ikiwa vuguvugu, rudi kesho. Haijalishi wamekupa sababu gani. "Tulikuwa tunaiosha" ndiyo maarufu. Washa injini, redio ikiwa imezimwa na boneti ikiwa wazi, usikilize dakika 2 za kwanza. Injini ya EJ ya Subaru inaweza kugongagonga kidogo ikiwa baridi na kunyamaza ikipata joto. Ikiendelea kugonga ikiwa moto, ondoka. Injini za EA888 za Volkswagen za kabla ya Golf 7 (Golf ya kizazi cha saba) zikikwaruza upande wa cheni kwa sekunde chache, shuku tenshena (kifaa cha kukaza cheni).

ONYO: usikubali muuzaji "akuonyeshe nguvu" mara tu sindano ya geji ya joto la maji inapofika katikati. Maji hupata joto kabla ya oili. Subiri oili ipite nyuzi 80.

Kisha kipimo cha kompreshoni (shinikizo ndani ya silinda): injini moto, plagi zote nje, injekta zimekatwa umeme, kanyagio la petroli hadi chini. ONYO la pili, hili ni la Nairobi: namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Hapa tuko karibu mita 1,700, na hewa yenyewe ina shinikizo dogo kwa takriban asilimia 18. Injini ambayo kitabu kinasema bar 10 itasoma 8 na kidogo, na haina ugonjwa wowote. Fundi asiyejua hili atakuambia injini imekufa. Linganisha silinda kwa silinda: tofauti ikipita asilimia 10 hadi 15, lipia kipimo cha kuvuja kwa hewa. Kwa STI, anza na silinda ya 4. Ndiko pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi.

7. Bei. Bila rekodi, hesabu kwamba hakuna kilichofanywa. Golf R ya 7 yenye DSG (giaboksi ya klachi mbili) ya gia 6: oili ya injini lita 5.7 na filta, oili ya giaboksi kama lita 5.2 na filta, oili ya Haldex (mfumo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) pamoja na kusafisha kichujio cha pampu (kikiziba, pampu inaungua), mafuta ya breki lita 1, plagi 4. Omba bei kwa fundi wako, siyo wa yadi, uitoe kwenye bei ya gari.

MASWALI

Mzee_wa_Thika_Road: Sasa boss, WRX S4 ya 28k ni safi sana, nichukue ama niache? Na belti nibadilishe?

Spana17: Hiyo ina injini ya FA20, hutumia cheni. Mengine yako hatua ya 3 hadi 6. "Safi sana" hupatikana pia kwa sabuni.

YadiYetu: Mnatuharibia biashara bure. Mjapani anatunza gari, na shaken imepita. Rekodi za nini?

Spana17: Shaken hupima usalama na moshi: breki, taa, chini ya gari. Haiulizi oili ilibadilishwa lini. Gari linaweza kupita shaken na oili ya miaka mitatu ndani. Kama stika ziko, weka picha kwenye tangazo, utauza haraka kuliko jirani.

DadaWaGTI: Habari ya jioni. Naangalia Golf R ya 2016. MOT ya Aprili 2019 inaonyesha maili 19,400, inayofuata ni Oktoba 2020, maili 19,650. Ile miezi 6 iliyozidi inamaanisha lilifichwa?

Spana17: Swali zuri, dada. Hapana. Mwaka 2020 Uingereza iliongeza miezi 6 kwa MOT zilizokuwa zinaisha kuanzia 30 Machi, kwa sababu ya korona. Tarehe yako inaingia hapo sawasawa. Kinachonishughulisha ni maili 250 kwa miezi 18. Gari lilikaa. Tafuta risiti ya oili ya kipindi hicho, soma kama MOT ya 2020 inataja kutu kwenye diski za breki, na fundi akishabadilisha oili akate filta wazi, aikunjue karatasi yake chini ya jua. Vumbi jeusi ni kawaida. Vipande vinavyong'aa au rangi ya shaba, simama hapo. Ukipata MOT zilizobaki zitume, nitazisoma.

DadaWaGTI: Asante sana. Na mita ikiwa imerudishwa, kompyuta itaonyesha?

Spana17: Mara nyingi. Hitilafu za zamani huhifadhiwa pamoja na kilomita zilipotokea. Ukikuta hitilafu ya kilomita 74,000 kwenye gari la 41,000, huna haja ya kuuliza zaidi. BMW huandika kilomita hata ndani ya ufunguo, kwa hivyo dai funguo zote mbili.

Kanyagio: Petroli je? STI ya Japani na mafuta yetu?

Spana17: Imetengenezwa kwa petroli ya okteni 100 ya kule. Hapa weka ya juu kabisa utakayopata, usiongeze busti (shinikizo la turbo), na mwambie fundi asome kwenye kompyuta rekodi ya kugonga (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) kabla hujalipa.

Mzee_wa_Thika_Road: Nimesoma zote sasa. Tairi za ile S4 zimeandikwa 2319, mbili. Nyingine mbili 4022.

Spana17: Umeanza kuangalia vizuri. Wiki ya 23 ya 2019 na ya 40 ya 2022. Pima kina cha mifereji ya tairi zote nne. Zikipishana sana, difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) imekuwa ikifanya kazi hata barabara ikiwa nyoofu. Zungusha gari polepole kwenye uwanja, usukani umekata mwisho, uone kama linajivuta au kurukaruka. Likifanya hivyo, weka difu kwenye hesabu ya hatua ya 7.