Kufunga geji ya moto na geji ya tabo kwenye lori la dizeli

Mwaka 2013 nilifunga geji ya moto wa ekzosi, yaani ya kupima joto la moshi unaotoka kwenye injini, kwenye Fuso ya tajiri mmoja wa vitunguu hapa Ilula. Waya uliokuja na geji haukufika dashibodi, nikauongeza kwa waya wa kawaida wa shaba, mita moja na nusu, nikapiga tepu, kazi ikapendeza. Miezi miwili baadaye dereva alipandisha mlima Kitonga na mzigo mzito, mshale ukiwa kwenye nyuzi 690, chini kidogo ya alama nyekundu niliyomchorea. Alipofika juu injini ilikuwa inatoa moshi wa bluu na kupumua kwenye mdomo wa oili. Tulipofungua tukakuta pistoni ya 5 imeyeyuka ukingoni. Dereva hakukosea, alifuata geji. Waya wangu wa shaba ndio uliodanganya, na ulikuwa ukificha nyuzi 60 hivi za joto.

Tangu siku ile sifungi geji bila kuipima kwanza, na sifungui injini ya mtu kwa sababu ya geji ambayo haijapimwa.

Sensa ya moto wa ekzosi, ile inayouzwa kama aina ya K, ni nyaya mbili za madini tofauti zilizochomelewa ncha. Ncha ikipata moto hujitengenezea umeme mdogo sana, kama milivolti 4 kwa kila nyuzi 100 za tofauti kati ya ncha na mwisho wa nyaya hizo. Geji hujua joto la mahali ilipo yenyewe, kwa hiyo madini hayo mawili yanatakiwa kuendelea mpaka nyuma ya geji. Ukiunga shaba chini ya kebini penye nyuzi 90, kipimo kinaishia pale, wakati geji inadhani kimeishia kwenye dashibodi penye nyuzi 30. Zile 60 za katikati zinapotea. Waya usipofika dashibodi, nunua waya mrefu wa aina ileile ya K. Ukikosa, sogeza geji.

Kuna mtego mwingine wa rangi, na sisi mafundi umeme ndio tunaonaswa zaidi. Kwenye lori tumezoea nyekundu ni chanya. Kwenye waya wa K wa mtindo wa Marekani, njano ndiyo chanya na nyekundu ni hasi. Wa mtindo wa Ulaya ni kijani chanya, nyeupe hasi. Usibishane na rangi, weka multimita kwenye milivolti, tumbukiza ncha kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Utapata karibu milivolti 3. Ikija na alama ya kutoa, umegeuza. Isipokuja kitu, sensa imekatika.

Sasa kununua. Fuso na Scania ni volti 24, na geji nyingi za madukani ni volti 12. Tafuta ya 24, au weka kigeuzi cha kushusha volti. Nawaomba sana msiibe volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri ile itakuwa haijai, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na kwa muda mfupi tajiri ananunua zote mbili.

Geji ya moto ifike angalau nyuzi 900 za Selsiasi. Soma kioo vizuri, maana za Marekani huja kwa Farenhaiti na 1,300 yao ni kama 700 yetu. Geji ya upepo wa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini, ichague kwa injini yako. Kwa Fuso za zamani inayofika bar 2 inatosha, kwa Scania nachukua ya bar 3 au 4. Zile zenye nusu ya kioo ya kupimia mvuto chini ya sifuri zimetengenezwa kwa injini za petroli. Dizeli haina mvuto huo, hivyo unalipia nusu ya geji isiyofanya kazi. Na bar 1 ni psi 14.5, au kilopaskali 100.

Sensa ya moto naiweka kwenye manifoldi ya ekzosi, kabla ya tabo, pale njia za silinda zinapokutana, ncha ikiwa katikati ya moshi. Kutoboa ndiko kunakotaka subira. Ng'oa tabo kwanza. Najua ni kazi ya nusu siku na dereva anakuharakisha nyanya zisioze, lakini chembe moja ya chuma ikiingia kwenye feni ya tabo umemuuzia hasara. Ukiweka sensa baada ya tabo, kumbuka kwamba lori likiwa na mzigo husoma pungufu kwa nyuzi 100 hadi 200. Kabla ya tabo alama yangu nyekundu ni 700, baada ya tabo ni 550. Kugusa 700 kwa sekunde chache si msiba. Kukaa hapo mlima mzima ndiko kunakoua pistoni.

Upepo wa tabo uchukue kwenye manifoldi ya hewa, baada ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), ili mpira wa intakula ukipasuka geji ikuonyeshe.

Geji hizi zisome kwa pamoja. Upepo ukishuka na moto ukapanda, hewa haitoshi: mpira umepasuka, klipu imelegea au eya klina imejaa vumbi. Upepo ukishuka na moto nao ukashuka, kinachokosekana ni mafuta, anza na filta ya dizeli. Vyote vikiwa juu na lori linajikokota, rudisha gia, punguza mguu. Ikiwa ni hivyohivyo hata na mzigo wa kawaida, kuna mtu ameongeza mafuta kwenye pampu ya dizeli.

Kabla ya kuamini lolote kati ya hayo, pima geji ya upepo. Chomoa mpira wake mwembamba upande wa injini, upulizie kwa pampu ya mkono yenye kipimo. Psi 15 zisome bar 1, na mshale usimame pale usishuke. Ukishuka, mpira unavuja, mara nyingi pale ulipopita karibu na ekzosi ukaungua. Mwaka juzi dereva alikuja ameshaambiwa anunue tabo mpya, kumbe ni tundu la ukubwa wa sindano kwenye mpira huo. Usiuunge kamwe kwenye tangi la upepo wa breki, lina bar 8 na litapasua geji. Halafu kuna geji za kidijitali zinazohesabu na hewa ya mazingira: injini imezimwa, Dar zinasoma kilopaskali 100, Mbeya 80 na kitu. Hazijaharibika, Mbeya hewa ni nyepesi.

Geji ya mshale ya joto la maji ya injini nayo ina kipimo rahisi. Washa swichi, chomoa waya wa sensa, mshale ulale. Gusisha waya kwenye bodi kidogo, mshale upande mpaka mwisho. Ikitii vyote, geji na waya ni vizima, badilisha sensa. Mshale ukisogea unapowasha taa, safisha ethi, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Ila injini za kompyuta usizifanyie hivyo. Na maji yakipungua mpaka sensa ikabaki hewani, mshale hushuka wakati injini inaungua. Ukiona geji inaonyesha maji yamepoa ghafla katikati ya Kitonga, simama hapohapo, na rejeta usiifungue mpaka ipoe.

Ukishafika juu, Ilula, wauza vitunguu watakukimbilia dirishani. Nunua injini ikiwa inanguruma, ngoja mshale wa moto ushuke chini ya 200, kama dakika tatu hadi tano, ndipo uzime.