Pua Ikigoma: Ninavyoishi Bila Kusikia Harufu

Sufuria iliungulia hatua mbili nyuma yangu. Nilishtuka macho yalipoanza kuwasha. Ulikuwa mwezi wa pili tangu mafua makali yaniachie pua inayopitisha hewa vizuri lakini haisikii kitu.

Kwa hiyo anza na jikoni. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu; ule uvundo hutiwa makusudi ili uvujaji ujulikane, na kwetu tusiosikia harufu onyo hilo halipo tena. King'ora cha gesi nimekifunga karibu na sakafu, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Cha moshi kiko darini. Mpira wa gesi naupaka povu la sabuni. Vipovu vikivimba, pana tundu. Nikimaliza kupika nafunga mtungi na kusema kwa sauti, "Nimefunga." Watoto wananicheka. Wacheke.

Kiporo nakiandika tarehe kwenye kifuniko, siku 3 zikipita natupa. Usionje eti ujue kama kimechacha.

Ulimi bado unatambua utamu, chumvi, ukali wa limau na uchungu. Pilipili nayo inawasha kama zamani, kwani muwasho hupita neva nyingine. Basi jaza sahani vitu vya kutafuna kwa mlio, changanya moto na baridi. Ila chunga mkono wa chumvi: mimi nilikuwa naongeza tu, nikitafuta kitu ambacho chumvi haina.

Nguo navaa mara moja, nafua. Manukato ni mipulizo miwili, nahesabu. Mengine namuuliza dada yangu, ambaye hajui kuficha.

Halafu kuna zoezi la kuamsha pua. Mwaka 2009 mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12. Mimi nanusa kila kimoja sekunde 20 hivi, huku nikijilazimisha kukumbuka kilivyokuwa. Wiki ya 9 karafuu ilirudi ikinuka kama mpira ulioungua! Nilitaka kuacha; daktari wa masikio, pua na koo akaniambia harufu nyingi hurudi zimepotoka kwanza. Kama yako imepotea bila mafua, au baada ya kugonga kichwa, muone mapema.

Juzi nilikata limau, nikasikia kitu, sekunde moja. Nikalirudisha puani. Kimya.