Sitaha ya mtiki halisi au ya sintetiki: namna ya kuchagua na kuitunza

Mimi kazi yangu ni sitaha za boti, na karibu kila mwenye boti ananiuliza kipi bora, mtiki wenyewe au hii ya plastiki inayofanana nao. Jibu linategemea nani atakuwa anaiosha, sasa twende taratibu.

Hatua ya 1: kanyaga sampuli pekupeku. Iache juani mchana kwanza. PVC, yaani hiyo plastiki inayofanana na mtiki, inapata joto kuliko mbao, rangi ya giza ndo balaa, kwa hiyo kama watoto watakuwa wanacheza humo chukua rangi iliyopauka. Zile foamu za EVA za kubandika, plastiki nyepesi kama sponji, ni laini mguuni ila zinachubuka upesi.

Hatua ya 2: ukichagua mbao, dai karatasi za ilikotoka. Tangu 2021 Marekani na Umoja wa Ulaya wameiwekea vikwazo kampuni ya serikali ya Myanmar inayouza mbao, ukiwemo mtiki.

Hatua ya 3: kuosha mtiki, na hapa ndo sitaha nyingi zinauliwa jamani. Tumia maji ya chumvi, sabuni kidogo na brashi laini, halafu sugua kwa kukata nyuzi za mbao, usizifuate, maana kati ya nyuzi ngumu kuna sehemu laini na ukisugua kwa kuzifuata unazichimba, sitaha inabaki mifereji mifereji, unaanza kupiga msasa ili isawazike na kila msasa unakula unene mpaka siku vichwa vya skrubu vinachungulia. Mashine ya presha isiguse kabisa! Ule ukijivu ni jua tu, mbao haijaoza, iache hivyohivyo. Mafuta ya kupaka siyashauri, kwenye joto na unyevu kuvu inayapenda na sitaha inageuka nyeusi.

Hatua ya 4: kagua mistari ya raba kati ya mbao. Ikiachia pembeni maji yanazama chini, so ikate, itoe yote, kausha vizuri kabisa ndo ujaze mpya.

Hatua ya 5: PVC haina mambo mengi. Sabuni na brashi ngumu. Doa likigoma piga msasa mkavu, namba 60 hivi, ukifuata mistari, ila pitisha ubao mzima la sivyo kiraka kitaonekana. Asetoni usiisogeze karibu, inalainisha plastiki na kuiharibu.