Kalamu ya Wino Huku Mbeya: Anza na Karatasi, Video Zifuate

Karibu kila anayeniuliza habari za kalamu za wino, zile zenye nibu (ncha ya chuma) unazojaza wino mwenyewe, amezionea kwenye video. Mkono mmoja, daftari wazi, nibu inateleza, wino unameremeta sekunde kadhaa kabla ya kukauka. Anaagiza kalamu, anaandika kwenye kaunta buku ya kwaya mbili aliyonunua Mwanjelwa, na wino unaota vinyweleo. Kalamu inalaumiwa. Mara nyingi haina kosa lolote, kwa sababu uzuri wa zile video uko zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kalamu. Ndiyo maana naanza na karatasi, hata kama umekuja hapa kwa ajili ya kalamu.

Hatua ya 1: Karatasi

Karatasi nyingi unazoziona kwenye video ni Tomoe River ya Japani, ambayo toleo lake jepesi lina gramu 52 tu kwa mita ya mraba, au Rhodia na Clairefontaine za Ufaransa. Usidanganyike na unene. Rhodia ya kawaida ni gramu 80, na rimu ya fotokopi kwenye steshenari yoyote hapa mjini nayo imeandikwa gramu 80, lakini ukiweka wino utaona ni vitu viwili tofauti kabisa. Siri iko kwenye wanga na dawa nyingine ambazo kiwanda huchanganya au kupaka ili karatasi isinywe maji haraka. Ikikosa dawa ya kutosha, wino unafuata nyuzi za karatasi, na hivyo ndivyo vinyweleo.

Kwa hiyo usichague daftari kwa jalada. Nenda dukani na kalamu, na kama bado huna, beba kichupa cha wino na kijiti cha meno. Omba kujaribu kwenye ukurasa wa mwisho. Mwenye duka akikataa ana haki yake, nunua daftari moja dogo la kila aina ukajaribie nyumbani. Chora mstari wa haraka, chora wa polepole, kisha weka nukta nene na uhesabu hadi tano bila kunyanyua. Subiri pakauke, geuza ukurasa. Kivuli cha maandishi upande wa pili si tatizo. Wino uliotoboa hadi ukachafua ukurasa unaofuata, hilo daftari liachie hesabu za duka.

Mimi huwa nachukua kaunta buku ngumu yenye karatasi nyororo, ile ambayo ukiinamisha kwenye mwanga inang'aa kidogo. Madaftari laini ya shule siyahangaikii. Ukipata zuri, nunua ya kutosha siku hiyohiyo, maana mzigo unaofuata unaweza kuja na jalada lilelile na karatasi nyingine. Jambo jingine la huku kwetu: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zikishika, karatasi inanywa unyevu wa hewani, na daftari lililokuwa safi mwezi Agosti linaanza kusambaza wino. Lifungie kwenye mfuko, usiliache dirishani.

Hatua ya 2: Kalamu

Nunua ya bei nafuu yenye nibu nyembamba, alama F (nyembamba) au EF (nyembamba zaidi). Nibu nyembamba inatoa wino kidogo, na wino kidogo unasamehe karatasi mbaya. F ya Kijapani ni nyembamba kuliko F ya Ulaya, jua hilo kabla hujaagiza. Pilot Kakuno ni nzuri. Ila mimi namwelekeza kila anayeanza kwenye Platinum Preppy, kwa sababu kifuniko chake kina kizibo cha ndani kinachozuia wino kukauka, na baridi kavu ya Juni na Julai huku inakausha nibu haraka sana. Jinhao za China ni rahisi na zinapendeza, lakini moja inaweza kuja safi na nyingine ikaja na nibu iliyopinda. Nunua pia konveta, kile kibomba cha ndani cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa. Katriji, vile vibomba vya wino vya kutumia mara moja na kutupa, zitakumaliza pesa.

Hatua ya 3: Wino

Parker Quink au Pelikan 4001. Wino huu wa Pelikan hautiririki sana, kwa hiyo unafaa mno kwa karatasi zetu. Ile rangi yake ya bluu-nyeusi ina chuma ndani, usiiache kwenye kalamu miezi bila kuiosha.

Usitie kwenye kalamu wino wa muhuri, wino wa printa, wala wino mweusi wa wachoraji unaokauka na kuwa utando. Huo wa mwisho ukishaganda ndani hautoki. Wino wenye chembe za kumetameta uache kwanza, hata kama ndio uliokuvutia kwenye video.

Hatua ya 4: Kuosha, na nini cha kufanya kalamu ikigoma

Kalamu mpya huwa na mabaki ya mafuta ya kiwandani. Kabla ya wino wa kwanza, chukua maji ya baridi au ya uvuguvugu mdogo, tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, vuta na kutoa kwa konveta mara kadhaa, kisha suuza kwa maji matupu hadi povu liishe. Maji ya moto yanapinda plastiki. Spiriti inapasua baadhi ya plastiki, usiiguse. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe: unasukuma maji kutokea nyuma na kazi ya nusu saa inaisha mara moja.

Kalamu iliyokaukiwa na wino isimamishe kwenye glasi ya maji usiku kucha, nibu chini. Utaona uzi mwembamba wa bluu ukishuka kutoka kwenye ufa wa nibu na kujikunja chini ya glasi. Badilisha maji hadi uzi huo usionekane. Kisha izungushie tishu uiache nibu ikiangalia chini mpaka tishu isitoke na maji, la sivyo maandishi ya kwanza yatakuja yamepauka na utadhani wino ni feki.

Sasa tuseme imeoshwa, ina wino, na bado inagoma. Angalia konveta kwanza. Mara nyingi wino umeng'ang'ania nyuma na hewa imekaa mbele. Elekeza nibu chini, gonga ubavu kwa kucha hadi wino ushuke. Ukikataa, zungusha kitasa taratibu mpaka tone moja litokeze, kisha futa.

Halafu tazama nibu kwenye mwanga. Ufa unatakiwa uonekane mstari mwembamba unaozidi kubana kuelekea nchani, na ukiiangalia kwa mbele, zile ncha mbili ziwe sawa. Moja ikiwa juu, ibonyeze kwa ukucha kidogo sana, jaribu, rudia. Wembe usiingize kwenye ufa. Kuna video watu wanasugua nibu kwenye msasa laini mpaka inateleza. Wenyewe wanatumia lenzi na wana mazoezi ya miaka. Kama herufi ya kwanza ndiyo inakosekana kila unapoanza neno, na nibu haijakauka, ncha iling'arishwa kupita kiasi kiwandani. Irudishe kwa aliyekuuzia.

Halafu kuna ugonjwa ambao hauko kwenye kalamu kabisa. Mwalimu mmoja wa Tukuyu, dada yangu kwa umri, alikuja na kalamu yake mwezi Julai. Shikamoo haijapoa akaitoa kwenye mkoba: "Mdogo wangu, hii inaandika nusu ukurasa halafu inakufa. Nimeiosha mpaka nimechoka." Tukaiosha tena. Tukabadilisha wino. Tukanyoosha nibu ambayo haikuwa na shida. Mchana wote ukaishia hapo. Kila ukurasa mpya, mistari ya juu ilitoka safi, ya chini ikawa inarukaruka, vipande vya herufi havionekani. Tukageuza daftari juu chini na kuandika upya kwenye ukurasa uleule: sehemu iliyokuwa chini, sasa iko juu, ikaendelea kuruka. Kumbe ni pale kiganja chake kilipokuwa kimelala. Baridi ya Rungwe mwezi huo huijui hadi ukae nayo, na mwalimu kama kila mtu hujipaka mafuta ya mgando mikononi asubuhi. Mafuta yanahamia kwenye karatasi, na wino ni maji, haushiki juu ya mafuta. Akaweka kipande cha karatasi chini ya kiganja na kalamu "iliyokufa" ikaandika hadi mstari wa mwisho.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Kalamu ikiruka kila mahali, shida ni nibu au wino. Ikiruka sehemu za chini tu, au pale ulipoegemeza mkono, ni mafuta. Ikiandika vizuri kisha inafifia polepole na kurudi ukiipumzisha, wino haushuki vya kutosha: rudi kwenye konveta, na hewa ikiwa si tatizo, osha tena fidi, ule ulimi mweusi wenye mifereji chini ya nibu.

Hatua ya 5: Kutazama video

Anza na za msingi. Brian Goulet wa Goulet Pens, duka la Virginia, Marekani, anaeleza taratibu na hata Kiingereza cha kuungaunga kinatosha. Kwa video za mwandiko, punguza mwendo hadi nusu na uzime sauti. Usitazame herufi, tazama kalamu imelala kiasi gani na uso wa nibu unaangalia wapi. Ubora wa 480 unatosha na unaokoa bando. Rangi ya wino usiiamini kwenye simu. Kata vikadi, paka wino wako kwenye kila kimoja, andika jina nyuma, halafu linganisha mchana karibu na dirisha.

Hatua ya 6: Kupamba daftari

Hapa tuna bahati ya mahali. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kinatengeneza karatasi ya kaki kutokana na misindano. Hiyo kaki ndiyo jalada langu, nalichora kwa kalamu ya jeli nyeupe. Iringa kuna Neema Crafts, wanatengeneza karatasi za mkono, zikiwemo za kinyesi cha tembo. Bandika vipande vyake kama kurasa za kutenganisha miezi. Usiandike juu yake kwa kalamu ya wino, nyuzi zitanasa kwenye ufa.

Ule mtindo wa kuzeesha kurasa kwa chai: chemsha majani ya Rungwe mazito bila sukari, acha yapoe, paka kwa brashi pana karatasi ikiwa bado haijafungwa kwenye daftari, kausha, kisha ikandamize chini ya vitabu vizito. Nyuzi zinainuka zikilowa, kwa hiyo andika juu yake kwa penseli au bolpeni. Kahawa ya Mbozi inatoa hudhurungi nzito zaidi. Rosela nayo inatoa rangi nzuri. Zote tumia kwa brashi au kalamu ya kuchovya, kwenye kalamu ya wino zitaota ukungu.

Hatua ya 7: Safari

Kutoka Dar hadi Mbeya, iliyo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa unashuka kwa kati ya asilimia 15 na 20. Hewa iliyo ndani ya kalamu inatanuka na kusukuma wino nje, ndiyo maana shati linachafuka basi likipanda Kitonga. Safiri na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, si nusu, na iwe nibu juu. Kichupa cha wino kikaze, kifunge kwenye mfuko wa zipu. Ukifika, fungua kifuniko nibu ikiwa bado inaangalia juu, futa kwa tishu wino uliotoka, ndipo uandike.