Biskuti za ndizi zisizo na ngano, mayai, maziwa wala karanga

Anza na unga, maana hapo ndipo hatari hujificha kwa mwenye mzio wa vyakula hivyo. Mashine ya mtaani inayosaga mchele husaga pia ngano, soya na karanga za unga wa lishe, na mabaki hubaki ndani. Nunua uliofungwa kiwandani, usome lebo. Soma na ya beking pauda, kwani baadhi zina wanga wa ngano. Majarini nayo mara nyingi ina maziwa, hivyo tunatumia mafuta.

Ponda gramu 150 za ndizi zilizoiva hadi maganda kuwa na madoa meusi (kama 2 ndogo). Changanya na mafuta ya alizeti vijiko vya chakula 4 na sukari vijiko vya chakula 2. Mtoto wa chini ya miaka 2, acha sukari. Ongeza unga wa mchele gramu 150, wa muhogo 50 na beking pauda kijiko cha chai 1.

Funika dakika 15. Usiruke hatua hii: unga wa mchele hunywa maji polepole, na ukiharakisha biskuti zitakuwa na chengachenga kama mchanga. Muhogo ndio unaoshikanisha badala ya yai, ukiupunguza, zitamomonyoka.

Paka mafuta mikononi, finyanga vidonge, bonyeza viwe na unene wa sentimita 1. Oka kwa nyuzi 180, dakika 15 hivi, mpaka kingo zianze kubadilika rangi. Zikitoka huwa laini. Ziache zipoe ndipo uzibandue.